Pedi Zilizopikwa kwa Wivu

Mabinti, kabla hamjaanza kuniheshimu sana, ngoja niwaambie: niliwahi kupika pedi. Pedi za kufua, za wasichana ishirini na sita wa bweni langu. Nilizitia zote kwenye sufuria kuukuu ya maharage, sufuria iliyokuwa imestaafu jikoni miaka mingi kabla sijastaafu mimi, nikafunika, nikachochea kuni za msindano mpaka mfuniko ukaanza kucheza. Nilipofunua nikakoroga kwa mwiko. Naam, kwa mwiko, mvuke umeniziba miwani, kama mtu anayetarajia kuonja chumvi.

Msiseme Matroni alikuwa hajui. Ni kweli sikujua, lakini kutojua kulileta kuni tu. Moto wenyewe ulikuwa wivu.

Nilikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huko Mufindi, upande wa mashamba ya chai, ambako mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia asubuhi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ukifua soksi Jumatatu, Alhamisi unaivaa ikiwa bado ina kinyongo. Nyumbani nilikuwa nimezaa watoto wawili, wote wa kiume, watu wa kuniuliza ugali uko wapi na basi. Kwa hiyo wale wasichana wa bwenini niliwachukua kama wangu. Niliwajua kwa kikohozi. Niliwajua kwa namna wanavyoburuza ndala. Na nilipenda, siwafichi, nilipenda sana wanijie mimi tu wakiwa na shida.

Sasa sikieni sheria yangu ya zamani, mpate kujua nilikuwa mjinga wa kiasi gani. Wakati ule wasichana wengi walitumia vitambaa: vipande vya kanga, flana iliyochakaa, shati la kaka. Mimi nikawawekea kamba nyuma ya stoo ya kuni. Mahali pale jua lilikuwa halijawahi kufika tangu stoo ijengwe. Nikawaambia: fueni kabla wenzenu hawajaamka, anikeni nyuma ya stoo, na juu yake mtandaze kanga asione mtu. Nilijiona nimewajengea heshima. Nilichowajengea kilikuwa ukungu. Ule wa kwenye kitambaa, wenye vidoa vyeusi kama pilipili manga, unaonuka kama gunia lililosahaulika chini ya kitanda. Wengine hata ile kamba waliiona ni mbali. Walikunja kitambaa kibichi wakakisukumia chini ya godoro au ndani ya tranka, wakafunga na kufuli.

Wakiwashwa walinyamaza. Mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza.

Basi siku moja Madamu, mkuu wetu wa shule, akaniita ofisini. Alikuwa mama wa maneno machache na miwani ya kamba.

"Mama Festo, kuna mafunzo Mbeya. Wiki mbili. Wanafundisha kushona pedi za kufua, kuzitunza, na kuwafundisha wasichana. Nimeandika jina lako."

"Madamu, mgongo."

"Mgongo umefanya nini?"

"Hautaki basi."

"Na mwezi uliopita ulipokwenda Makambako?"

Hapo akawa amenishika. Makambako nilikwenda kununua blanketi, nikarudi siku hiyo hiyo kulilalia. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu kubwa. Mimi ni mtu wa nyumbani, mabinti. Nikilala kitanda cha mtu mwingine, usingizi unakaa mlangoni unaniangalia. Nikamwambia Madamu kwamba kuku wangu wanataga na hawamzoei mtu mwingine. Akanitazama, akafuta jina langu.

Wiki tatu baadaye, kwa kuwa mimi sikwenda Mbeya, Mbeya ikaja kwangu. Ilikuja na buti za mvua, kichwa cha cherehani ndani ya gunia la mahindi, na kicheko kilichotangulia getini. Aliitwa Sekela, fundi, mzaliwa wa Tukuyu aliyekuwa na kibanda chake cha kushonea mjini Mbeya. Umri wake ungeweza kuwa wa dada mdogo wa mwisho, yule anayezaliwa wakati mama amekwisha kugawa nguo za watoto. Madamu akamtambulisha: atakaa nasi mwaka mzima, atafundisha kushona, na atanisaidia bwenini.

Atanisaidia! Nani aliomba msaada?

Ndani ya wiki moja wasichana wangu, Wahehe na Wabena waliozoea kunisalimia "kamwene, Matroni", walikuwa wanapita kwenye korido wanaitikiana "ndaga, ndaga" kwa Kinyakyusa cha Sekela, kama wamezaliwa Rungwe. Nilikuwa nakunja mashuka nasikia "ndaga" ya saba, nakunja shuka lile lile mara ya pili.

Siku yake ya tatu akachukua beseni, akakaa katikati ya uwanja, akafua pedi zake mwenyewe. Zilikuwa na maua, mabinti! Maua mekundu na ya bluu kama gauni la mtoto wa Pasaka. Akamaliza, akazianika kwenye kamba ya mbele, jua linapopiga vizuri kuliko kote pale shuleni, yaani mbele ya ofisi. Mwalimu wa fizikia akatokea na vitabu vyake, akaona, akageukia ukuta na kuanza kuusoma.

Nikaenda mbio.

"Dada Sekela, hii ni nini mbele ya ofisi?"

"Nguo, Matroni."

"Nguo gani?"

"Yangu. Imefuliwa, imetakata, inataka jua. Au nikaianike kwenye kabati lako?"

Wasichana waliokuwa madirishani wakacheka mpaka kioo kimoja kikatoka kwenye fremu. Kesho yake kamba ilikuwa na pedi nne. Wiki iliyofuata ilijaa pedi alizokuwa anawashonea wasichana, na kamba yangu ya nyuma ya stoo wakaanza kuitumia mbuzi wa jirani kujikunia shingo.

Somo lake sikuhudhuria. Nilikaa stoo, mlango wa pili, nahesabu ndoo ambazo nilikuwa nimezihesabu asubuhi. Lakini sauti yake ilikuwa inapita ukutani.

"Yai ukilitia kwenye maji ya moto linafanyaje?"

"Linaganda!"

"Na damu hivyo hivyo. Ukiimwagia maji ya moto umeipika, imeshika kitambaa, hutaitoa mpaka kitambaa kife. Maji yanayoanza ni ya nini?"

"Ya baridi!"

Hata mimi mle stoo nilitingisha kichwa. Kisha nikakumbuka kwamba simpendi, nikaacha.

Sasa niwaambie kuhusu Neema, maana huyu ndiye kiini cha mambo yote. Alikuwa kidato cha pili, mtoto wa Ubaruku, kwao ni mpunga na jua la Mbarali ambalo linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika ya pili. Alipofika kwetu alikuwa anatetemeka kama kifaranga kilicholowa. Usiku wa kwanza nilimpa blanketi langu, lile lile la Makambako. Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana alikuja chumbani kwangu na mchele aliotumiwa kutoka nyumbani, tunakaa chini na ungo katikati, tunachambua mawe, ananisimulia habari za ndege waharibifu na bibi yake anayewafukuza kwa matusi. Watu wakiwapo aliniita Matroni. Tukiwa wawili aliniita Mama. Watoto wangu wa kuzaa hawakuwahi kuniita hivyo bila kufuatisha "nina njaa".

Jumamosi moja nikatandika mkeka, nikaweka ungo, nikachemsha chai. Neema hakuja. Nikamngoja mpaka chai ikafanya utando. Nikatoka "kukagua bweni", nikasikia cherehani, na kicheko, na kingine chembamba ninachokijua. Alikuwa kwa Sekela, anazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, anafundishwa kupiga mshono wa pembeni.

Jioni Sekela akanifuata jikoni. Hakuwa anacheka.

"Matroni, nimempeleka Neema zahanati. Alikuwa na michubuko na muwasho, muda mrefu. Alikuwa anafungia vitambaa vibichi ndani ya tranka. Wamempa dawa, atapona."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Akasema, polepole, bila ubaya:

"Anasema wewe ndiye uliyemwambia avifiche."

Mtu mwenye akili hapo angejuta. Mimi niliona wivu. Nilikwenda chumbani nikachambua mchele peke yangu, kwa hasira, nikatupa na mchele mzuri. Kilichoniuma hakikuwa michubuko ya mtoto, Mungu anisamehe. Kilichoniuma ni kwamba aliionyesha kwa mwingine.

Haya, sufuria.

Ijumaa moja Sekela alikwenda Tukuyu kumwona mama yake. Alivyoondoka tu, mvua ikaanza, ile ya manyunyu isiyo na haraka, ikaingia siku ya pili mfululizo. Jumamosi mchana wasichana wakaja mlangoni kwangu na mabeseni, Neema mbele. Pedi zilikuwa zimefuliwa lakini hazikauki. Walikuwa wanaogopa zitashika ukungu, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwaya.

"Matroni, tufanye nini?"

Mabinti, hamjui utamu wa swali lile. Miezi mitatu walikuwa hawajaniuliza hata saa. Nikajinyoosha kama askari.

"Tutachemsha. Tunaua wadudu, kisha tunakausha juu ya jiko. Mama yangu alichemsha kila kitu, na tulikua."

Neema akainua mkono, kama yuko darasani.

"Mama... Matroni, Dada Sekela alisema pedi hizi zisiingie maji ya moto. Alisema ndani kuna—"

Angesema mtu mwingine yeyote, labda ningesikia. Au kama angesema bila kutaja lile jina.

"Dada Sekela amezaliwa juzi. Lete kuni."

Mjue basi kilichomo ndani ya pedi ya kufua, maana mimi nilikuja kukijua kwa aibu. Juu kuna kitambaa laini kinachogusa mwili, katikati kuna tabaka za kunyonya, flana au taulo, na chini kuna kitambaa chenye utando mwembamba wa plastiki unaozuia kupita. Huo utando ukichemka unajikunja. Unakuwa kama ganda la kitunguu. Na huko juu, mabaki yoyote ya damu ambayo hayakutoka vizuri yanaiva na kuwa kahawia, yanakaa humo maisha. Mimi nilichemsha, nikaona hayo mabaki yanazidi kuiva, nikadhani bado, nikaongeza kuni. Kisha nikazitandaza kwenye waya juu ya jiko, karibu kabisa na moto, na zilizobaki nikazipiga pasi ya mkaa. Zilikauka. Zilikauka kuliko kitu chochote nilichowahi kukausha. Zilikuwa zinasimama zenyewe.

Jumapili kwaya ikaingia kanisani kwa mwendo wa kucheza, mistari miwili, sketi za bluu. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, najidai. Wakaanza kupiga hatua: kwacha, kwacha, kwacha. Kama watu wanaotembea shambani kwenye majani makavu ya mahindi. Mchungaji akatazama juu ya paa. Wazee wa kanisa wakatazama chini ya mabenchi. Wakapiga hatua ya kurudi: kwacha, kwacha. Nilishika kitabu cha nyimbo nikakiweka usoni, na nilikishika juu chini.

Hapo mngeweza kucheka, na mimi leo nacheka. Lakini ibada ilipoisha, binti mmoja wa sauti ya pili hakusimama. Watu walitoka wote, yeye amekaa tu, amekaza magoti. Ule utando ulikuwa umepasuka. Neema alivua sweta lake akamfunga kiunoni, wakatoka kwa mlango wa nyuma, na yule binti alilia njia nzima mpaka bwenini. Siku nne hakutoka kwenda darasani.

Jumatatu asubuhi Sekela amerudi, Madamu ametuita ofisini wote wawili. Mezani pedi tatu zimekunjamana kama ndizi zilizoanikwa.

"Sekela, kitambaa gani hiki umewashonea watoto? Mzazi amenipigia simu. Mtoto ameaibika mbele ya usharika. Kama kazi ni hii, bora urudi kibandani kwako."

Sekela alichukua moja, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba. Fundi anajua. Alijua pale pale kwamba imepikwa. Akaniangalia. Akangoja.

Nami nikaangalia nje ya dirisha, kwenye ile kamba ya mbele, nikasema, "Labda ni nyuzi za siku hizi."

Nyuzi za siku hizi! Miaka mingi sasa, nikiosha vyombo, sentensi hiyo inanirudia, nasimama na sahani mkononi.

Madamu akampa mpaka mwisho wa wiki afungashe. Na niwaambie ukweli kama nilivyoanza: Jumanne nilifurahi. Jumanne nilipika maandazi. Jumatano nilimwona anafungua kichwa cha cherehani, anakifuta mafuta, anakivika gunia lake la mahindi kama anamvika mtoto shati, na wasichana, wanaojua nani alichemsha lakini wanamwogopa Matroni, wamekaa chini wamemzunguka, na sikumsikia mtu akiitikia "ndaga" kwenye korido. Bweni likawa kimya. Nikajaribu kufurahi tena, ikakataa.

Alhamisi mchana Neema akaja chumbani kwangu. Hakuleta mchele. Akasimama pale mlangoni.

"Mama, nimefikiria. Nitakwenda kwa Madamu nitasema ni mimi niliyechemsha."

"Wewe? Kwa nini?"

"Dada Sekela hana kosa. Na wewe ukisema, utaona aibu sana. Mimi nitaadhibiwa tu, nitafyeka uwanja, itaisha."

Alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa amepima aibu yangu, akaona ni nzito mno kwangu, akataka aibebe yeye. Nikavaa viatu. Mguu wa kushoto niliuingiza kwenye kiatu cha kulia, nikaenda hivyo hivyo.

"Madamu, ni mimi. Nilizichemsha. Kwenye sufuria ya maharage."

Akavua miwani. "Hukujua?"

"Niliambiwa zisichemshwe."

"Sasa kwa nini, Mama Festo?"

Nikatafuta sababu zangu zote, mgongo, kuku, mvua, hakuna iliyofika. Nikasema, "Wivu, Madamu."

Akatazama viatu vyangu. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, mama yule, na machozi yanamtoka. Alipomaliza akasema, na sauti yake haikuwa ya kucheka tena: "Nenda ukamwambie Sekela mwenyewe, na umwambie haondoki. Kisha nenda kwa yule mtoto wa kwaya, umwambie na yeye."

Kwa yule mtoto nilipiga magoti. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Kwa Sekela nilitarajia anitukane, nilikuwa nimejiandaa, hata majibu ninayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua lile gunia, akaitoa mashine.

"Kaa hapa, Matroni. Unikatie. Tuna pedi nyingi za kushona."

Basi! Hakuna hata kununa. Mnaona shida yake? Hata kusamehe alinizidi.

Niliketi kwenye kigoda kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mkasi mkononi, na kila nilichojua baada ya hapo nilikijua pale. Nawapeni kama kilivyo. Ukishavua pedi, usiache damu iikaukie. Ikunje, ibane kishikizo, iweke kwenye kimfuko chake mpaka ufike kwenye maji. Usikae nayo mwilini asubuhi mpaka jioni. Badilisha kila baada ya saa chache, hata kama unaona bado, na ikijaa mapema usingoje. Iloweke kwenye maji baridi, ndoo ambayo haifanyi kazi nyingine, si ile mnayooshea mboga. Isilale humo siku mbili, itanuka. Fikicha kwa sabuni ya kipande ya kawaida. Dawa ya kung'arisha mashuka usitie, inakula ule utando. Na zile za kulainisha nguo zenye harufu ya maua usitie, zinaziba kitambaa kisinyonye tena, unabaki na pedi inayonukia vizuri na haifanyi kazi. Suuza mpaka maji yawe meupe. Kukamua, usiisokote kama unamnyonga kuku. Ibane katikati ya viganja, au ilaze kwenye taulo kavu ukanyage. Kisha jua. Jua, mabinti, jua wazi, pande zote mbili, wala usiiwekee kanga juu. Ikikauka, weka kwenye kimfuko cha kitambaa, si cha nailoni. Na haiazimwi, hata kwa pacha wako. Ikipasuka au ikiacha kunyonya, iage, shona nyingine.

Kuna jambo moja katika hayo ambalo ni langu. Moja tu, lakini langu. Sekela alijua jua la Mbeya. Baridi ya Mufindi naijua mimi. Pedi nene inaweza kukudanganya: vidole vinasema imekauka, kumbe katikati bado. Hasa vidole vya kwetu, ambavyo asubuhi havisikii hata moto. Nikawaambia wasichana, iwekeni shavuni. Shavu halidanganyiki. Ikiwa ya ubaridi, rudisha. Na nikamwomba fundi wa shule apige kichanja cha mianzi kwenye chumba cha nyuma ya jiko, upande wa ukuta unaopata joto, mbali na moshi na mbali na moto, pedi ziwe zinakaa hapo siku za manyunyu zikipata vuguvugu. Sekela alipokiona akapiga makofi. Akawaita wasichana wote: "Mnaona? Hii ni akili ya Matroni! Mimi nisingeiwaza."

Na wale watoto, mnajua walikiitaje? Kichanja cha Dada Sekela. Mpaka leo, nasikia.

Mwaka wake ulipokaribia kuisha akaleta vikombe vya hedhi, vile vya mpira laini, kwa walimu na wasichana wakubwa waliotaka kujaribu. Akaeleza: nawa mikono kabla hujakigusa, usikiache ndani kupita muda wa saa kumi na mbili, siku zako zikiisha kioshe, kichemshe dakika tano kwenye chombo chake, ukihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa kinapopita hewa. Aliposema "kichemshe" chumba kizima kikanigeukia. Binti mmoja, tena yule yule wa sauti ya pili, akasema, "Matroni, sasa hapa ndiyo ulete sufuria." Nilicheka nao. Ilinichoma, lakini nilicheka, kwa sababu aliyesema alikuwa na haki.

Sasa nimestaafu, niko Nyololo, kando ya barabara kuu, nawatazama wenye safari wakisafiri kwa niaba yangu. Ninyi naona mnaanika mbele ya watu mnapiga na soga, na nawaonea wivu na ninyi, msidhani mmesalimika. Jirani yangu ni Mama Sanga, mwanamke wa maneno ya moja kwa moja, ambaye hadithi ya sufuria nimemsimulia mara nyingi mpaka yeye ndiye ananisahihisha.

Wiki iliyopita simu ikaita. Neema. Siku hizi ni muuguzi huko Chunya, kwenye vumbi na wachimbaji wake wa dhahabu.

"Mama, nimejifungua! Wa kike!"

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Akanieleza uzito, akanieleza nywele, akaniambia nepi anazianika juani na kuzipima shavuni kabla hajamvalisha, kama nilivyowafundisha. Nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo", maana mimi nilikuwa nangoja kitu kimoja tu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Na jina?"

"Sekela."

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nilitoka nikaenda uani. Mama Sanga alikuwa upande wake wa ua, anamenya viazi. Nikamwaga yote. Nikamwambia, mimi ndiye niliyempa blanketi. Mimi ndiye niliyechambua naye mchele Jumamosi zote. Aliyekuwa akimwita Mama ni mimi, si yule. Yule alikaa mwaka mmoja akaenda zake. Nikamuuliza, je, hiyo ni haki? Hakuinua hata macho. Alimaliza kiazi kile, akakitupa kwenye maji, akasema:

"Mama Festo, mwenzako alishona, wewe ukachemsha. Sasa ulitaka mtoto wa watu aitwe Sufuria?"